Land Rover Hii ni ya Nani? Picha za Magari ya Kale Zinazozunguka Pasiansi

Jumapili jioni ndipo picha huanza kumiminika. Mmoja kaikuta Peugeot 404 pikapu imepaki nyuma ya ghala la pamba huko Magu. Mwingine kapishana na Land Rover ya kijani akitokea Misungwi. Wa tatu yuko harusini Bukoba, na gari la bibi harusi ni Volkswagen ya mgongo wa duara iliyopakwa rangi ya maziwa. Picha zinatua kwenye kundi la WhatsApp, na kabla taarifa ya habari ya saa mbili usiku haijaisha ubishi umeshakolea: hiyo ni ya mwaka gani, grili ni yake au imepandikizwa, na mbona taa za mbele zimekaa ndani badala ya kukaa kwenye madigadi?

Pasiansi ina bahati ya kukaa njiani. Barabara itokayo katikati ya jiji la Mwanza kwenda uwanja wa ndege, mwendo wa kilomita kama 10, inapita Kirumba, inaingia hapa, kisha inaendelea kuufuata mwambao wa ziwa. Kandokando yake, kati ya mawe makubwa na nyumba, kuna gereji za chini ya mti ambako gari hukaa miezi likisubiri kipuri kimoja. Hapa hapa pia kipo chuo cha mafunzo ya uhifadhi wa wanyamapori, kilichoanzishwa mwaka 1966 kufundisha askari wa wanyamapori, na kwa miongo mingi kazi ya askari hao porini ilifanyika juu ya Land Rover. Mtu akikulia Pasiansi anaujua mlio wa injini hiyo hata kabla hajaliona gari lenyewe.

Nawapenda watu hawa wanaosimamisha bodaboda ghafla ili wapige picha gari bovu. Nami ni mmoja wao. Ndiyo maana nina jambo la kuwaambia wenzangu: picha tunazopeana zinafika bila chochote. Hazina jina la mahali, hazina tarehe, hazimtaji aliyelitunza gari wala kazi lililofanya. Tunagombania mwaka wa kutengenezwa, kesho picha inasukumwa kwenye kundi jingine, na baada ya wiki mbili hakuna anayejua kama ile 404 ilikuwa Magu au Malawi. Kwa gari jipya hilo si tatizo. Kwa magari haya, ambayo kila mwaka yanapungua, picha itakuwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki, na kumbukumbu isiyo na maelezo haimsaidii mjukuu wa mtu yeyote.

Chukua Land Rover ndefu, ile ambayo mafundi huitaja kwa namba tu, 109. Namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, karibu sentimita 277, na fupi yake ni 88. Land Rover ya kwanza ilioneshwa kwa umma Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, ndiyo sababu bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Ukiingia gereji ya Pasiansi leo unaiona tofauti kwa macho: bodi imebonyea kila upande lakini haijashika kutu, huku chesi ya chuma iliyoko chini imeliwa mpaka inachomewa kiraka juu ya kiraka. Pitisha kidole pale rangi ilipobanduka karibu na mlango. Kuna kijivu, chini yake bluu ya mkono wa fundi, chini kabisa kijani cha kiwandani, kisha alumini tupu. Kila tabaka ni mwenye gari mmoja, au walau ni kipindi kimoja cha maisha yake.

Mfululizo wa kwanza wa Land Rover hizo una ubavu ulionyooka kama kasha. Wa pili, kuanzia 1958, una bega lililojikunja chini ya madirisha. Taa za mbele zilikaa ndani, pembeni mwa grili, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 zilipohamishiwa kwenye madigadi. Wa tatu, uliotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, una grili ya plastiki, na mita zake zimehamishwa kutoka katikati ya dashibodi kuja mbele ya dereva. Kwa hiyo aliyepiga picha ya uso wa gari tu amechukua nusu ya ushahidi. Fundi wa kwetu hakuwa na duka la kumpa kila kitu, alifunga kilichopatikana. Unaweza kukuta uso wa mfululizo wa tatu umevishwa kwenye mwili wa pili, injini ya dizeli ya Kijapani ndani yake, na viti vilivyotoka kwenye basi. Mwenye gari akikuruhusu, piga pia ubavu, dashibodi, na kile kibao kidogo chenye namba za chesi. Hapo ubishi wa Jumapili usiku utapata pa kushikia.

Namba za usajili zisikupoteze. Kijana wa leo hupima umri wa gari kwa herufi, hii namba D, ile namba E, na kwa magari yanayoshushwa kutoka Japani hesabu hiyo inasaidia kujua limeingia nchini lini. Kwa gari la kale haifai. Mfumo wa sasa unaoanza na T ulipoingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, magari yaliyokuwa na namba za TZ yalisajiliwa upya, hivyo Land Rover iliyozaliwa kabla ya Azimio la Arusha unaikuta na namba A, sawasawa na saluni iliyoshushwa bandarini mwaka huo huo. Ukiona kibao cha zamani cha TZ kimetundikwa ukutani mwa gereji, kipige picha hicho kabla hata ya gari.

Halafu uliza gari lilikuja kufanya nini huku. Hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito, maana magari ya kale ya Kanda ya Ziwa hayakuletwa kwa ajili ya starehe. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda Dar es Salaam. Kati ya mkulima na stesheni palihitajika lori. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, lilikua hadi likahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na msimu wa pamba malori ya Bedford yalipanda na kushuka Usukuma nzima yakiwa na marobota na utingo juu yake. Ukiiona Bedford ya pua ndefu imekufa kwenye majani nje ya kinu cha kuchambulia pamba, usiishie kuandika "chuma cha kale". Mwulize mlinzi kinu ni cha chama gani, na ikiwezekana akuelekeze kwa dereva mstaafu anayeishi jirani.

Kisha ikaja vita. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na serikali ikakusanya malori na mabasi ya raia kwenda kubeba askari, chakula na risasi. Magari hayo yalisafiri kuelekea Kagera katika matope, na mengine hayakurudi. Miaka iliyofuata haikuwa na fedha za kigeni za kuagiza mapya, mafuta yalikuwa ya shida, na watu wazima wanakumbuka jinsi magari binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Ndiyo maana mafundi wetu wakawa mabingwa. Walichonga bushi kwa mkono, wakaziba rejeta kwa risasi ya kuchomelea, wakaliwasha gari kwa hendeli pale betri ilipokufa. Milango ya biashara ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, yakaja mitumba ya Kijapani, na polepole Peugeot na Bedford zikasukumwa uani.

Sitaki mtu afikiri kwamba kila kitu kilikuwa dhiki. Kulikuwa na fahari pia, na fahari kubwa ilikuwa Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na katika miaka ya 1960 yalivuka mipaka ya Kenya, Uganda na nchi yetu, vumbi la Mbulu likiwa sehemu ya simulizi zake. Mwaka 1963 na tena 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, gari likiwa 404 hiyo hiyo. Kwa hiyo unapoona ile ya Magu, yenye sura iliyochorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia, unatazama ndugu wa gari lililoiletea Tanzania ushindi mara mbili mfululizo. Vijana wengi wa makundi yetu wanawajua madereva Joginder Singh na Shekhar Mehta, na ni haki yao. Shankland hawamjui. Hilo linaniuma.

Wenzetu wamekwenda mbele. Nairobi wana Africa Concours d'Elegance, onesho ambako majaji hukagua gari hadi chini ya zulia. Dar es Salaam, kwenye Makumbusho ya Taifa, ipo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, shabaha ikiwa kuivunja rekodi ya dunia ya msafara wa Land Rover 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Picha za msafara huo zilifika kila simu ya Mwanza. Nilizitazama kwa furaha, kisha nikatafuta hata moja iliyoeleza kisa cha gari moja, limetoka mkoa gani, nani alilinunua, lilibeba nini. Zilizonifikia mimi zilionesha wingi tu.

Kuhusu picha za safari, mfano wa zamani kuliko yote upo hapa hapa nyumbani. Tarehe 10 Agosti 1907 afisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari la Gaggenau, akafika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Huyo ndiye wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari kutoka pwani hadi pwani, na alichapisha picha za safari yake pamoja na masimulizi. Zinasomeka hadi leo kwa sababu zina mahali na tarehe. Lakini petroli yake ilitangulizwa vituoni kwa mabega ya wapagazi, na palipokuwa na mto au mchanga gari lilivutwa kwa mikono ya watu. Mimi nikizitazama picha za aina hiyo natafuta majina ya hao waliovuta kamba. Sisi tunaopiga picha leo tusirudie upungufu huo. Fundi aliyelifufua gari atajwe, kama mwenyewe ameridhia.

Kwa wapiga picha wa magari wa Mwanza, darasa letu lilikuwa Kigongo. Kabla ya daraja, kila gari la kwenda Sengerema, Geita, Bukoba au mpaka wa Rusumo lilisimama kusubiri kivuko cha kwenda Busisi. Lilisimama! Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mtu mwenye kamera. Malori ya Rwanda, mabasi, pikapu za wachimbaji wa Geita, magari ya ibada na ya misiba, na mara moja moja wasafiri kutoka Ulaya wenye Mercedes kuukuu iliyogeuzwa nyumba, hema juu ya paa na ramani imechorwa ubavuni, wote walipangwa foleni moja kati ya wauza sangara wa kukaanga na karanga. Ulikuwa na saa nzima ya kutembea kutoka gari hadi gari, kumsalimia dereva, kuuliza. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na sasa unavuka kwa dakika chache. Mgonjwa anafika hospitali bila kungoja kivuko, samaki hawaozi, na hilo ni jema kupita kiasi. Ila picha za foleni ile hazitapigwa tena. Walio nazo kwenye simu zao, hasa za miaka ya mwisho ya kivuko, waandike leo kile wanachokumbuka: mwezi, saa, gari lilikuwa linakwenda wapi, dereva alisema nini. Baada ya miaka 10 watakuwa wamesahau.

Nao walio na albamu za familia wana hazina zaidi yetu. Karibu kila nyumba ya Mwanza ina picha moja nyeusi na nyeupe ya kijana mwenye suruali bwanga, mguu mmoja juu ya bampa, mkono juu ya boneti. Mara nyingi gari halikuwa lake. Lilikuwa la ushirika, la misheni, la daktari, au la mwajiri. Mnapoipiga picha hiyo kwa simu ili kuituma, igeuzeni. Nyuma kuna muhuri wa studio, tarehe ya wino, pengine maneno mawili ya kumpa mchumba. Upande huo upigwe na kutumwa pamoja na wa mbele. Pia itumeni kama dokumenti, kwa maana WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ubora na kuondoa taarifa za siku na mahali zilizomo ndani ya faili.

Adabu ya kupiga ni ile ile tuliyofundishwa nyumbani. Usivizie gari la mtu kupitia uzio. Bisha hodi, toa salamu kwanza. "Shikamoo mzee. Samahani, nimelipenda gari lako, naomba nilipige picha." Ukimwongezea mwangaluka ya asubuhi, mzee wa Kisukuma atakufungulia na boneti, na usiwe na haraka maana atakusimulia. Usioneshe uso wa mtoto wala geti la nyumba. Usitaje mtaa kamili gari linapolala: kioo au kabureta ya gari adimu ina wezi wake. Taarifa binafsi za watu zinalindwa na sheria ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, heshima ingetosha. Jihadhari pia na kamera karibu na maeneo ya jeshi, polisi na uwanja wa ndege, hata kama gari lililo mbele yako ni zuri kiasi gani.

Ninasisitiza maelezo kwa sababu mshindani wetu ana haraka kuliko sisi. Ni mzani wa vyuma chakavu. Chesi ikikatwa kwa gesi inakwenda kuyeyushwa iwe nondo, na vipande vya alumini vinakwenda kwa mafundi wa kusubu sufuria. Simlaumu mjane anayeuza gari lililokaa uani miaka 20 ili alipe ada. Hela ya mzani ni ya leo, na sisi wapenzi wa magari hatujawahi kumpelekea hata bei ya kubishania. Lakini kama kijana wa Pasiansi angepita wiki moja kabla, akapiga picha sita na kuuliza maswali matano, familia ingebaki na kitu, na sisi tungebaki na kitu.

Nina pendekezo kwa makundi yote ya Mwanza. Viwanja vya Nanenane vya Nyamhongolo hujaa watu kila Agosti. Tuombe nafasi ya tenti moja. Tuchapishe picha zetu bora kwenye karatasi, kila moja na mahali, tarehe na kisa chake kwa maandishi makubwa, tuzitundike kwa kamba na vibanio. Nje tupaki magari matatu au manne yanayotembea, mafundi wake wakiwa pembeni. Kisha tuweke meza yenye kalamu, tuwaite madereva wastaafu wa ushirika, wa misheni na wa idara za serikali, waandike juu ya picha zetu kila tulipokosea.